Wahusika wa Meza ya Antipasi

Antipasi Mughwai alikuwa karani mchapaji wa shirika moja la umma mjini Singida kwa miaka kumi na saba. Mwaka 1993 shirika lilipouzwa, watumishi thelathini na mmoja walipewa barua za kupunguzwa kazi. Barua zote alizitaipu yeye, kwa mpangilio wa alfabeti. Alipofika kwenye jina lake aliweka kaboni mpya, akataipu barua yake, kisha akaendelea na ya aliyemfuata.

"Nilitaka ya kwangu isomeke vizuri," aliniambia miaka mingi baadaye, bila kucheka.

Mashine ile ya taipu ilipopigwa mnada aliinunua. Akakodi chumba mtaa wa nyuma ya soko na kuandika kwenye kibao: BARUA, MAOMBI, MIKATABA. Mkewe, Cecilia, aliweka cherehani kwenye kibaraza cha chumba hicho, na hivyo ndivyo walivyosomesha binti yao Pendo. Antipasi alikuwa mtu wa Sepuka, mrefu, mwenye kuongea polepole. Kiswahili chake kilikuwa cha ofisini, lakini akihesabu alihesabu kwa Kinyaturu, midomo ikicheza bila sauti. Mji mzima ulimjua kwa barua. Sisi wachache tulimjua kwa meza yake ya Jumamosi.

Meza hiyo ilianza kwa sanduku. Mwalimu mmoja wa hesabu kutoka Uingereza, aliyekuja kujitolea, alipanga chumba cha uani kwa Antipasi. Alipoondoka mwaka 1989 alimwachia sanduku lenye vitabu vitatu vilivyochakaa na mfuko wa dadu za ajabu, nyingine za pande nne, nyingine za pande nane, na moja ya pande ishirini. Vilikuwa vitabu vya mchezo. Antipasi alivisoma kwa kamusi kwa muda wa miaka mitatu, akaandika sheria zake mwenyewe kwa Kiswahili, kurasa arobaini na mbili.

Mchezo wenyewe si mgumu kueleza. Watu wanakaa mezani. Mmoja ni msimulizi, na ndiye anayesema mko wapi na nini kimetokea. Kila mmoja wa waliobaki ana mhusika wake, mtu wa kubuni aliyeandikwa kwenye fomu, mwenye jina, kazi, umri, na alama za nguvu, wepesi, akili, subira na ulimi. Msimulizi akisema mto umejaa, wewe unasema mhusika wako anafanya nini, na dadu huamua kama amefaulu. Hakuna anayeshinda. Hadithi inasimama jioni na kuendelea Jumamosi inayofuata. Vitabu vya yule mwalimu vilijaa mazimwi na watu wenye masikio marefu. Antipasi aliwaondoa wote akaweka wafuga nyuki wa upande wa Rungwa, wachota chumvi wa ziwani, wachunga ng'ombe, wapagazi wa zamani, na wanawake wanaosafiri na mbegu.

Lakini kilichotuvuta mezani kwake ni namna alivyowatengeneza wahusika. Ukitaka kujiunga hukupewa fomu. Ulikalishwa kwenye kiti mbele yake na kuulizwa maswali, yeye akiandika kwa mkono, kwa mwandiko wa kulala kulia, kwenye karatasi ya manila. Maswali hayo hayakuwa kwenye vitabu. Mselemu, mzee wa familia ya wauza nguo pale mjini, alipokuja mara ya kwanza mwaka 1992 alitaka kuwa shujaa wa mkuki. Antipasi akamwuliza, "Ukichelewa kurudi nyumbani, nani wa kwanza kusema umechelewa?" Mselemu akafikiri, akajibu kwamba ni dada yake. Basi mhusika wake akapewa dada, na dada huyo alituokoa mara nyingi kuliko mkuki. Mimi nilipohamishiwa chuo cha ualimu hapa mwaka 1996 aliniuliza huwa naimba wimbo gani nikiwa peke yangu. Nilimwambia siimbi. Aliandika jibu hilo kama lilivyo, hakuniuliza kwa nini. Alama za nguvu na akili zilitoka kwenye dadu, lakini hukurusha mwenyewe. Alirusha jirani yako mezani, kwa niaba yako. Mhusika mmoja alichukua saa tatu, wengine Jumamosi mbili.

Machi mwaka 2003 Antipasi alipatwa na kiharusi. Ulimi ulirudi baada ya wiki tatu. Mkono wa kulia haukurudi.

Kazi ya barua Cecilia aliimudu kwa muda kwa msaada wa Pendo. Meza ndiyo iliyomsumbua Antipasi. Kusimulia aliweza. Kutengeneza mhusika hakuweza, maana alizoea kuuliza huku akiandika, na alisema mtu mwingine akiandika yeye hasikii jibu. Wakati huohuo meza ilikuwa imepungua. Vijana wa zamani walikuwa wamehamia Arusha na Dar es Salaam kutafuta kazi, na tulibaki watatu: Mselemu, mimi, na Kauthar, binti wa Abdulhamidi mwenye duka la fotokopi na kompyuta ng'ambo ya barabara. Kauthar alikuwa na miaka ishirini, na Mselemu ni mdogo wa babu yake.

Mwezi Juni niliwapeleka wanafunzi wangu kumi na wawili wa chuoni waone mchezo. Walikaa saa nne bila kuchoka. Wakati wa kuondoka, kijana mmoja wa Mtinko, Fredrick, aliuliza kwa niaba ya wenzake.

"Mzee, tunaweza kuja kila Jumamosi?"

"Mnaweza."

"Wahusika wetu watakuwa tayari lini?"

Antipasi alitazama mkono wake uliolala pajani. Akawaambia warudi baada ya wiki tatu.

Walipokwisha toka, Cecilia alisimamisha cherehani. "Baba Pendo, watu kumi na wawili kwa wiki tatu? Hata ulipokuwa mzima usingewamaliza."

"Najua."

"Sasa?"

"Nisipoweza kuwatengeneza mwenyewe, meza ifungwe. Sitaki kuwa mzee anayekalishwa kwenye kona anasimulia watu wa kuletewa."

"Haya, Muumba. Wewe kazi yako ni kujaza fomu, acha kujipa makuu."

Alicheka kidogo, upande mmoja wa mdomo. Lakini neno la kufunga meza alilimaanisha, na sote tuliokuwepo tulilisikia.

Kauthar ndiye aliyeleta habari kwamba ziko programu za kompyuta zinazotengeneza wahusika wa michezo kama huu. Alikuwa amesoma kompyuta miezi sita Dodoma, na baba yake alimruhusu atuletee mashine kuukuu ya dukani kila Jumamosi, yenye kioo kizito na printa ya utepe iliyopiga kelele kama cherehani ya Cecilia. Kwa wiki mbili alitafuta. Jumamosi ya pili alikuja na programu tatu, tukakaa kuzichagua kama watu wanaonunua ng'ombe, kila mmoja akikagua meno kwanza.

Ya kwanza ilikuwa kwenye sidii iliyokuja bure na gazeti la kompyuta. Ilikuwa nzuri kupita kiasi. Ilifunguka kwa muziki, ikaonyesha picha za rangi, ukibonyeza unamvika mtu wako kofia na upanga. Mselemu aliipenda palepale. Shida ni kwamba ilikutaka kwanza uchague mhusika wako ni wa jamii gani, na jamii zilikuwa zilezile za masikio marefu, huwezi kuongeza wala kufuta.

"Huyu mfupi mwenye ndevu si mbaya," Mselemu alisema. "Anafanana na shemeji yangu wa Manyoni."

"Babu, huyo anaishi chini ya ardhi anachimba dhahabu."

"Hata shemeji angechimba, uvivu tu."

Ilikubali kutengeneza wahusika watano. Wa sita ikadai tujiandikishe kwa kadi ya benki ya ng'ambo. Kauthar aliitoa sidii akairudisha kwenye bahasha.

Ya pili aliipakua kwenye mtandao kwa siku nne, vipande vipande, akaibeba kwenye diski saba. Ilikuwa ya kijivu tupu, haina picha hata moja. Uzuri wake ulikuwa ndani. Orodha zake zote za kazi, asili, vifaa na majina zilikaa kwenye mafaili ya kawaida ya maandishi, na mtu angeweza kuyafungua na kuandika yake. Jumla ya alama ilijihesabu yenyewe, wala haikukuruhusu kuzidisha. Ilihifadhi kila baada ya dakika mbili, jambo kubwa kwetu, maana umeme ulikatika mara mbili siku hiyohiyo na hatukupoteza kitu. Na ilikuwa na kitufe kimoja, pale chini kulia, ambacho ukikibonyeza kinajaza fomu nzima kwa bahati, kama dadu mia zilizorushwa pamoja. Kauthar alikiita Jaza Yote.

Ya tatu ilikuwa kazi ya Kauthar mwenyewe. Alikuwa amechora fomu kwenye programu ile ya majedwali wanayotumia wahasibu. Vilikuwa visanduku vitupu, na kazi yake pekee ilikuwa kujumlisha alama na kuchapa fomu safi. Haikuuliza wala haikujaza kitu.

"Hii ni daftari," Antipasi alisema.

"Ndiyo, mzee. Ni daftari." Kauthar hakuitetea. Nafikiri aliona haya kuweka kitu chake karibu na vitu vya wataalamu.

Nilidhani Antipasi angechukua muda kuamua. Hakuchukua. Aliivuta kibodi kwa mkono wa kushoto, akamwomba Kauthar airudishe programu ya pili, akaweka kipanya upande wa kushoto na kubonyeza Jaza Yote kwa kidole kimoja. Mtu akatokea: jina, umri, kazi, alama, vitu alivyobeba. Akabonyeza tena. Mwingine. Akabonyeza tena. Nilimtazama usoni, na tangu Machi sikuwa nimeuona uso ule. Alikuwa amepata tena mkono wa kutengenezea watu, na mkono huo ulihitaji kidole kimoja tu, cha upande ambao haukufa. Siku ile alibonyeza zaidi ya mara arobaini. Mselemu alisahau picha zake, akawa anasoma majina kwa sauti na kucheka.

"Umeipata, Baba Pendo," Cecilia alisema kutoka kibarazani.

Wiki iliyofuata tuliingiza sheria za Antipasi kwenye mafaili. Niliketi na Kauthar jioni nne dukani kwa baba yake, mimi nikisoma zile kurasa arobaini na mbili, yeye akiandika. Tuliweka kazi zote, majina ya wanaume na ya wanawake, vifaa, asili, vipaji, magonjwa. Tulipofika kwenye umri programu ilitaka namba ya chini na ya juu. Tulitafuta kwenye kurasa za Antipasi, hatukuona. Kauthar aliandika kumi na mbili hadi themanini, nami nikasema sawa. Tulikuwa waangalifu sana. Tuliikagua kazi yote mara mbili dhidi ya kurasa, hatukukuta kosa.

Jumamosi ya ahadi wanafunzi walikuta wahusika wao wamekwisha chapwa na kupangwa mezani, kumi na wawili, na wapya watatu kwa ajili yetu wa zamani, maana Antipasi alitaka hadithi ianze upya kwa wote. Aliwatengeneza wote asubuhi ile, peke yake, kabla hatujafika. Kila mmoja aliokota karatasi kwa zamu. Kulikuwa na kelele ya furaha. Felista, msichana mwenye miwani aliyekuwa kiranja wa darasa, alikuta yeye ni mwindaji mwenye jicho moja, akalifumba jicho lake moja palepale na kukataa kulifungua.

Antipasi akaanza. Alisema ni kiangazi, kisima kimoja tu kimebaki na maji, na wasafiri wanafika hapo mmoja mmoja kutoka pande mbalimbali, hawajuani.

"Aliyefika wa kwanza ni Kauthar. Wa pili, Mzee Mselemu. Mmeonana. Haya."

Kwenye meza ya Antipasi watu wakionana huanza kwa salamu, kama popote. Mselemu alitazama karatasi yake. Kauthar akatazama ya kwake.

"Wewe una miaka mingapi?" Mselemu aliuliza.

"Sabini na minane, babu. Ni bibi kizee, nauza dawa za mizizi."

Mselemu alisogeza karatasi mbali, kisha karibu. "Mimi kumi na nne. Na ni msichana."

Meza ililipuka kwa kicheko. Fredrick alipiga meza kwa kiganja. "Babu, salamu inachelewa! Bibi anasubiri!"

"Piga goti, mtoto!" mwingine akadakia.

Mselemu mwenyewe alicheka mpaka akatoa leso. Alikuwa na miaka sabini na mbili, haji, mtu ambaye mtaa mzima ulimwamkia tangu afungue mlango hadi aufunge. "Haya, haya. Ni mchezo. Nitamwamkia." Akakohoa. Akamgeukia Kauthar, akaanza, "Shika..."

Kauthar aliinuka hadi kiti kikaanguka. "Usiniamkie, babu. Tafadhali. Sitaitikia."

"Ni mchezo, mjukuu wangu."

"Najua ni mchezo. Siwezi kukujibu marahaba. Mdomo wangu huuhuu utasema nini nyumbani?"

Kicheko kilipungua, kama maji yanayokauka kwenye sufuria. Fredrick alijaribu kuokoa jambo akasema basi waruke salamu, waendelee na kisima. Felista akamjibu kwamba wageni wawili wakikutana kisimani bila salamu, hao si wasafiri, ni wezi. Mwingine akapendekeza waambiane "hujambo". Mselemu akauliza nani atamwambia mwenzake, mkubwa au mdogo, na mkubwa ni yupi. Hakuna aliyejua. Kisha ikabainika kwamba jambo liko meza nzima. Kijana mdogo kuliko wote alipata babu wa miaka themanini, na mimi, mwalimu wao, nilipata mvulana wa kumi na sita ambaye angelazimika kuwaamkia wanafunzi wangu tisa. Waliniangalia, wakaangalia chini. Dadu zilikuwa katikati ya meza na hakuna aliyezigusa.

Antipasi alisema, "Hapa ni wahusika, si sisi." Alilisema kwa sauti ndogo, na niliona kwamba hata yeye halimwingii.

Mselemu aliikunja karatasi yake mara mbili, si kwa hasira. "Antipasi, miaka kumi na moja nakaa kwenye meza hii. Nimekuwa mpagazi, nimekuwa mganga, nimekuwa mlevi. Hukuwahi kunipa mtoto. Kwa nini?"

"Sijui."

"Ulikuwa unauliza. Kila mara. Nakumbuka. Ulikuwa unasema, hapa mezani unamwamkia nani, na nani anakuamkia?"

Nami nikakumbuka kwamba ni kweli, lilikuwa swali lake la kwanza kwa kila mtu, aliuliza hata kabla hajachukua kalamu, na umri wa mhusika ulitoka hapo. Mhusika wako aliweza kuwa chochote, tajiri, mwizi, kiwete, lakini alikaa palepale ulipokaa wewe kati ya wanaokuamkia na unaowaamkia. Kwenye zile kurasa arobaini na mbili halikuwemo. Hakuliandika kwa sababu hakujua kwamba ni sheria. Na mimi na Kauthar, tulioishi ndani ya sheria hiyo tangu tujue kusema, tuliuona mwanya wake kwenye umri, tukaujaza kwa namba mbili na kuendelea.

Jua lilikuwa bado juu. Wanafunzi walianza kutazama mlangoni. Siku hiyo kulikuwa na mechi kwenye banda la video karibu na stendi, na nilijua wakitoka sasa hawatarudi.

"Kauthar," Antipasi alisema, "punguza ule umri. Kila mtu apewe wake."

Kauthar alikaa kwenye mashine. "Programu hairushi umri wa kila mtu peke yake, mzee. Ni kitufe kimoja kwa wote. Naweza kufuta umri nikauandika kwa mkono baadaye. Lakini yule wa mizizi atakuwa na miaka ishirini na wajukuu saba. Vitu vyote vimetoka pamoja."

"Basi nitabonyeza mpaka watokee wanaofaa."

Alibonyeza. Tulimngoja. Mtu akatokea, hafai. Mwingine, hafai. Kwa watu kumi na watano tungefika usiku. Alibonyeza kama mara ishirini, na hakuna aliyethubutu kumwambia aache isipokuwa Cecilia, aliyekuja kutoka kibarazani na kusimama nyuma yake.

"Hukuwa ukiwapata hivi," alisema. "Ulikuwa ukiwauliza."

"Siwezi kuwauliza kumi na watano leo, Cecilia. Na siwezi kuandika."

"Hakuna aliyesema uwe wewe."

Kidole chake kilibaki juu ya kipanya. Sote tulijua alichosema mwezi uliopita kuhusu watu wa kuletewa. Mimi nilikuwa karibu zaidi, nikaona anahesabu kwa midomo, nadhani alikuwa anahesabu watu waliokuwa chumbani. Kisha akakiachia kipanya.

"Kauthar, weka ile daftari yako. Chapa tupu, kumi na tano." Akawageukia wanafunzi. "Kaeni wawili wawili, na kundi moja la watatu. Mdogo amwulize mkubwa kwanza, kisha wabadilishane. Anayeuliza ndiye anayeandika. Swali la kwanza, hapa mezani unamwamkia nani, na nani anakuamkia. Umri utoke hapo."

"Na maswali mengine, mzee?" Felista aliuliza.

"Yapi?"

"Uliyokuwa ukiuliza wewe."

Antipasi alifungua mdomo kuyataja, kisha nadhani aliona kwamba akiyataja yatakuwa orodha tu, kama mafaili yetu. "Tafuteni yenu," alisema. "Ila msiulize mnachokijua tayari."

Walikaa chini, sakafuni, kibarazani, kwenye ngazi. Mselemu alikaa na Kauthar. Nilimsikia Fredrick akimwuliza Felista ni kitu gani alikivunja akiwa mdogo na hakuna aliyejua hadi leo, na Felista, aliyekuwa bado amefumba jicho moja kwa kusahau, akamsogelea ili wengine wasisikie jibu. Mimi niliulizwa na kijana ambaye darasani hakuwahi kunyoosha mkono. Aliuliza vizuri. Sitaandika alichouliza.

Antipasi alikaa peke yake kwenye kiti chake. Ilikuwa mara ya kwanza meza ile inapata watu bila yeye kuwa upande wa pili wa karatasi. Hakuzunguka kusikiliza. Alitazama kioo cha kompyuta, ambacho Kauthar alikiacha kikionyesha visanduku vitupu, na mara mbili nilimwona akiinua kidole cha kushoto na kukishusha.

Ilikuwa saa kumi na moja wakati Kauthar alipoanza kuingiza majibu. Jumla zilijihesabu, majirani wakarushiana dadu, printa ikapiga kelele zake. Karatasi zilitoka zikiwa nyeupe, zina maneno machache, nyingine na makosa ya herufi. Hakukubaki muda wa kucheza. Mselemu na Kauthar walitakiwa kwenda kuswali magharibi, na wanafunzi kuhesabiwa bwenini. Lakini hakuna aliyezungumzia mechi. Fredrick aliuliza kama wanaweza kuacha fomu zao pale zisipotee, na Antipasi akasema waziache.

Walipoondoka nilibaki kumsaidia Cecilia kuingiza cherehani ndani. Antipasi alikuwa na lile rundo la fomu mbele yake, analisogeza kwa mkono mmoja, lakini fomu hazikufunguka vizuri. Aliniita.

"Mwalimu, nisomee. Jumamosi ijayo nitawasimulia, lazima niwajue."

Nikakaa kwenye kile kiti cha mbele yake, nikamsomea. Mchunga mbuzi wa miaka ishirini na mbili aliyewahi kuvunja chungu cha bibi yake na kumsingizia paka. Mpagazi mzee anayeogopa maji. Msichana anayejua njia zote za kwenda ila hajui ya kurudi. Antipasi alisikiliza ameinamisha kichwa, na kwa kila mmoja alitikisa kichwa kidogo, kama mtu anayetambulishwa kwa wageni wa msibani. Nilipofika kwenye fomu ya nane, ya muuza mbegu aliyeandikwa, kama wengine wote, na mtu mmoja kwa majibu ya mwingine, aliinua mkono wa kushoto kunisimamisha.

"Huyu simjui hata kidogo," alisema. "Nisomee tena."